Kumuuliza Mtu, Kuiuliza Mashine

Kuna swali moja ambalo wataalamu wa mambo ya uongozi wamelihangaikia kwa miaka mingi sasa, nalo ni hili: mfanyakazi aliyekwama kazini, mwenye kompyuta mezani pake na wenzake pembeni yake, ni kitu gani kinachomfanya atafute jibu katika ghala la maarifa la shirika lake badala ya kugeuza shingo na kumuuliza jirani? Kwa ghala la maarifa nina maana ya ile hazina ya kielektroniki ambayo mashirika makubwa yalianza kuijenga kwa pupa katika miaka ya 1990: taarifa za miradi iliyopita, makosa yaliyokwisha kufanyika, tiba za matatizo yaliyokwisha kutatuliwa, vyote vimewekwa mahali pamoja ili yeyote mwenye ruhusa aweze kuvitafuta kwa neno au kwa mada. Fedha nyingi zilimwagwa huko. Na si mara moja wala mara mbili ghala lilijengwa, likajazwa, likazinduliwa kwa hotuba ndefu, kisha likakaa kama kisima chenye maji ambacho wanakijiji hawakiendei.

Swali ni zuri, na majibu yake si haba. Yapo majarida ya kitaaluma yaliyojaa majedwali juu yake. Lakini kila nikiyasoma maandishi hayo nabaki na hisia kwamba mtu mwenyewe, yule aliyekwama, ameachwa nje ya mlango. Anahesabiwa, anapimwa, anatiwa katika asilimia. Haulizwi anamwogopa nani wala anamwamini nani. Na kwa maoni yangu mambo hayo mawili, hofu na imani, ndiyo yanayoamua kwa sehemu kubwa kama mkono wake utakwenda kwenye kibodi au mdomo wake utafunguka.

Tuanze na majibu ya kawaida, maana ni haki kuyasikiliza kabla ya kuyakosoa. Mwaka 1989 Fred Davis, mtaalamu wa Kimarekani, alichapisha makala ambayo tangu hapo imekuwa nguzo ya fani hii. Alisema kwamba mtu huitumia kompyuta kwa kadiri anavyoamini kuwa itamsaidia katika kazi yake, na kwa kadiri anavyoona kuwa ni rahisi kuitumia. Na kati ya hayo mawili, la kwanza lina nguvu zaidi kuliko la pili. Bibi yangu angeweza kusema vivyo hivyo kuhusu kinu na mchi. Lakini tusimdharau Davis kwa sababu ya wepesi wa maneno yake: kuna wajenzi wengi wa maghala waliopoteza miaka wakipamba kioo cha kompyuta, wakipanga rangi na vitufe, ilhali ndani ya ghala hakukuwa na kitu ambacho mtu angekihitaji siku ya Jumatatu asubuhi.

Mwaka 2005 watafiti watatu, Atreyi Kankanhalli, Bernard Tan na Kwok-Kei Wei, walitoa uchunguzi uliolenga hasa jambo letu: si kwa nini watu huchangia maarifa yao ghalani, bali kwa nini huyatafuta humo. Walikuta kwamba lililo na uzito wa moja kwa moja ni ubora wa kile kinachopatikana. Mtu akiamini kuwa ghala litampa kitu cha maana, atarudi. Nyenzo, kama vile muda na msaada wa kulitumia ghala, zina uzito zaidi pale ambapo kazi yenyewe ni ya aina inayoweza kuelezwa kwa maandishi. Zawadi na vivutio vina uzito zaidi pale ambapo kazi ya mtu mmoja inategemea kazi ya mwingine. Nawasifu kwa jambo moja kubwa: hawakusema kwamba kazi zote ni sawa. Walitambua kuwa kuna ujuzi unaokubali kuandikwa na kuna ujuzi ulioko mkononi na machoni pa mwenye nao, kama ule wa mpishi anayejua kwa harufu tu kwamba wali umekaribia kuungua. Huo wa pili hauendi ghalani hata ukiuvuta kwa kamba.

Hata hivyo hapo penye neno “ubora” ndipo ninapokwama mimi. Wanalitumia kana kwamba ubora wa jibu ni kitu kinachoonekana, kama ubora wa mchele sokoni, ambao mnunuzi huuchota kwenye kiganja, akaupuliza, akaona chenga. Sasa msomaji, hebu fikiri: mtu aliyekwama anatafuta jibu la jambo asilolijua. Kama angeweza kulipima jibu kwa kulitazama tu, asingekuwa na haja nalo. Basi anaujuaje ubora wake? Anaujua kwa aliyelitoa. Anatazama jina, anakumbuka yaliyosemwa juu ya jina hilo, anapima. Jibu lisilo na mwenyewe ni kama barua isiyo na sahihi. Huenda ina kweli tupu ndani yake, lakini nani atakayeifanyia kazi?

Watu wa umri wangu waliofanya kazi katika ofisi za serikali wanaikumbuka masjala. Kabla ya kompyuta, hiyo ndiyo iliyokuwa hazina ya maarifa ya ofisi: chumba chenye makabati, majalada yenye namba, masjala ya wazi na masjala ya siri, na karani wake ambaye aghalabu alikuwa mtu mzima asiye na cheo kikubwa. Kila barua iliyoingia na kila dokezo lililoandikwa vilipata nafasi yake. Vijana wa leo wakisikia habari hizo hufikiri masjala ilikuwa stoo ya karatasi. La hasha. Katika ofisi moja nilikofanya kazi, karani wa masjala aliitwa Mzee na kila mtu, hata na wakubwa wenye shahada mbili. Ungekwenda dirishani kwake ukauliza juu ya kiwanja fulani au mkataba fulani, naye kabla ya kunyanyuka angekuambia: jalada hilo lipo, lakini dokezo la mwisho liliandikwa na bwana fulani aliyekuwa mgeni hapa, usilitegemee, soma lile la mwaka uliotangulia, limeandikwa na mtu aliyefika mahali penyewe.

Tazama kazi alizozifanya mzee yule kwa sentensi moja. Alisema kitu kipo. Alisema nani alikiandika. Alisema kipi kimepitwa na wakati. Na kulikuwa na jambo la nne ambalo halikusemwa kwa maneno: hakumwambia mtu mwingine kwamba ulikwenda kuuliza. Ofisa mpya aliyeletwa kuwa mkuu wa kitengo asichokifahamu aliweza kwenda masjala, akajifunza kazi yake majuma mawili kutoka kwa karani, akarudi mezani akaongoza kikao kana kwamba alizaliwa na mambo yale. Ujinga wake ulisitiriwa.

Nasema hivi si kwa kutamani mambo ya zamani. Masjala ilikuwa na ubaya wake pia: jalada liliweza kupotea siku ambayo kupotea kwake kulikuwa na faida kwa mtu, na karani akiwa mgonjwa ofisi nzima iliugua. Nataka tu kuonyesha kwamba kile kilichohamishiwa kwenye kompyuta kilikuwa makabati. Karani hakuhamishwa. Kisha wakashangaa kwa nini watu hawaji.

Mfano bora ninaoujua wa ghala lililotafutwa kweli kweli hautoki kwetu, unatoka katika kampuni ya Xerox, watengenezaji wa mashine za fotokopi. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto, aliwafuata mafundi wanaokwenda kwa wateja kutengeneza mashine zilizoharibika, kwa namna ile ile ambayo wenzake wangefuata kabila la mbali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Kampuni iliamini kwamba fundi anahitaji kitabu cha maelekezo tu: namba fulani ikijitokeza kwenye mashine, fanya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Orr akakuta kwamba mashine hazijasoma kitabu hicho. Huharibika kwa namna zisizoandikwa, na hapo mafundi hukaa mezani kwenye mgahawa, wakila, wakisimuliana visa: ile mashine ya ofisi fulani ilifanya hivi, nikadhani ni waya, kumbe ni vumbi. Visa hivyo ndivyo vilivyokuwa chuo chao. Kila kisa kilikuwa na mwenyewe, mahali pake na siku yake, na aliyekisikia alijua ni kwa kiasi gani amwamini msimulizi.

Nakipenda kitabu hicho, na ningemshauri yeyote anayeongoza watu akisome kabla hajanunua programu yoyote. Nikikikosoa ni kwa hili tu, kwamba Orr anawapenda mafundi wake mno hata anasahau wale ambao hawakukaribishwa mezani. Fundi aliye peke yake katika mji mdogo, fundi mgeni, fundi ambaye wenzake hawampendi, hao kisa kinawafikiaje? Kwao meza ya mgahawa ni mlango uliofungwa kama ilivyo ofisi ya mkurugenzi.

Jibu la swali hilo lilikuja baadaye, nalo liliitwa Eureka. Watafiti wa kituo kile kile walianza kwa kutaka kutengeneza programu ya kuiga akili ya fundi bingwa. Walipoipeleka kwa mafundi wakagundua kwamba haiwasaidii panapouma: mafundi walihitaji msaada kwa matatizo mapya ambayo hata mabingwa hawakuwa wameyaona. Lakini waligundua pia kwamba mafundi walikuwa na vijikaratasi vyao wenyewe vya siri za kazi. Basi huko Ufaransa, katikati ya miaka ya 1990, wakaanzisha utaratibu wa kuvikusanya vidokezo hivyo na kuvisambaza kwa mitambo ya Minitel, ile simu yenye kioo ambayo Wafaransa waliitumia kabla ya intaneti kuenea. Fundi huandika kidokezo. Mafundi wenzake wanaoaminika hukipima. Kikipita, kinaingia ghalani kikiwa na jina la aliyekiandika na la aliyekithibitisha. Lilizungumzwa suala la kuwalipa mafundi kwa kila kidokezo, likaachwa, kwa sababu malipo yangewafanya wahesabu idadi wasitazame ubora. Jina lilitosha.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara kwa mara juu ya Eureka. Fundi wa Brazil alikuwa na mashine ya rangi iliyomshinda, yenye thamani ya dola 40,000 hivi, na mteja alikwisha kudai apewe nyingine. Akatafuta ghalani akakuta kidokezo cha fundi wa Montreal huko Kanada juu ya kijipuli cha senti 50. Akakibadilisha, mashine ikapona. Wasimuliaji hukitumia kisa hiki kuonyesha faida ya fedha, na kweli faida ipo. Mimi kinanigusa kwa upande mwingine. Fundi yule wa Brazil hakumjua mwenzake wa Montreal wala pengine hakuwa na lugha moja naye, lakini alithubutu kufungua mashine ya dola 40,000 mbele ya mteja mwenye hasira kwa kutegemea maneno yake. Angethubutu kama kidokezo kingekuwa kimeandikwa na “Idara ya Huduma”? Sidhani.

Sasa tutazame upande wa pili, ghala ambalo halikutafutwa, nalo si la watu maskini wala wasio na elimu. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na ghala lake la mafunzo yaliyopatikana, ambamo kila kosa la mradi mmoja lilipaswa kuandikwa ili mradi mwingine usilirudie. Ni shirika lililokwisha kulipa gharama ya makosa kwa damu: watu 7 walikufa katika chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Mwaka 1999 lilipoteza vyombo kule Mars, kimoja kwa sababu ambayo mwanafunzi wa shule angeielewa, kwamba upande mmoja ulipiga hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na upande mwingine kwa vipimo vya metriki. Januari 2002 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua shughuli za serikali ilitoa ripoti ikieleza kwamba mameneja wa miradi ya NASA hawakuwa na kawaida ya kutafuta mafunzo katika ghala hilo wala kuyaongezea. Mwaka mmoja hivi baadaye, tarehe 1 Februari 2003, Columbia nayo ilivunjika angani na watu 7 wengine wakafa. Sisemi kwamba Columbia ilianguka kwa sababu ya ghala lisilosomwa. Aliyesoma ripoti ya tume anajua mambo yalikuwa mazito kuliko hayo. Nasema tu kwamba mwaka 2012, miaka 10 baada ya ripoti ile ya kwanza, mkaguzi mkuu wa NASA mwenyewe alitazama tena akakuta hali ile ile: mameneja hawalitumii.

Kwa nini? Ukiwasikiliza wanaoliendea ghala la namna hiyo, husema hawana muda, husema kutafuta ni kugumu, husema mambo yaliyomo hayawahusu. Yote ni kweli. Lakini kuna sababu iliyo chini ya hizo, nayo inatajwa pia katika ripoti ya 2002 kwa upande wa waandikaji: watu hawapendi kuyaandika makosa yao. Fikiri basi matokeo yake kwa mtafutaji. Anafungua ghala akitaka kujua mwenzake aliteleza wapi, anakuta maneno yaliyochujwa na kamati hadi hayana ladha: mawasiliano yaboreshwe, vipimo vihakikiwe, wadau washirikishwe. Nani aliteleza? Alikuwa anafikiri nini dakika ile? Hakuna. Akisoma matatu ya namna hiyo hafungui la nne. Watafiti wa 2005 wangesema ubora ulikuwa mdogo. Ndiyo, lakini ubora ulitolewa humo kwa makusudi, na waliouondoa walikuwa na sababu ya kuogopa.

Nisogee karibu na kwetu. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia nayo iliamua kuwa benki ya maarifa. Rais wake James Wolfensohn alilitangaza hilo mwaka 1996. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na kisa kilichopendwa sana, alichokisimulia Stephen Denning, ofisa wa benki hiyo. Juni 1995, alisema, mhudumu wa afya katika mji mdogo wa Kamana nchini Zambia aliingia katika tovuti ya kituo cha kudhibiti magonjwa kilichoko Atlanta, Marekani, akapata jibu la swali lake juu ya tiba ya malaria. Denning akawaambia wakubwa wake: angalieni, katika picha hii sisi hatumo. Kisa kilifanya kazi yake, wakubwa wakazinduka.

Mimi nimekisoma kisa hicho mara kadhaa, na kila mara naona aliyesahauliwa ni yule mhudumu. Hatuambiwi aliuliza nini. Hatuambiwi aliambiwa nini, wala kama mgonjwa alipona. Ni kama picha ya mtu aliyegeuzia kamera kisogo. Na sisi tunaoishi na malaria tunajua kwamba swali la tiba yake si swali lenye jibu moja la kudumu. Klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya kila nyumba, kisha vimelea vikaizoea. Malawi iliiacha mwaka 1993 ikachukua SP. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikatumia SP, na kufikia mwaka 2006 SP nayo ikawa imeachiwa nafasi dawa mseto. Jibu lililokuwa sahihi katika zahanati moja mwaka 1995 lilikuwa hatari katika zahanati nyingine mwaka huo huo, na hatari mahali pengi miaka kumi baadaye. Basi mhudumu yule alipaswa kujua si dawa tu bali nani anasema, kuhusu nchi gani, mwaka gani. Ghala lisilo na mtu wa kuondoa klorokwini kwenye rafu ni duka la sumu, hata likiwa na majibu milioni moja. Mzee wa masjala angemwambia: usilitegemee lile, soma hili.

(Benki yenyewe, kwa njia, ilichunguza mwaka 2014 hatima ya ripoti zake za sera zilizowekwa kwenye tovuti, ikakuta kwamba karibu theluthi moja hazikupakuliwa na mtu hata mmoja. Nawapa heshima kwa kulisema hilo hadharani.)

Nimesema kwamba yapo mawili, imani na hofu. La imani limetosha. La hofu watafiti wamelitupia jicho tu, na kwetu ndilo lenye mizizi mirefu. Tunao msemo kwamba kuuliza si ujinga. Msemo huo usingehitajika kama watu wasingekuwa wanaamini kinyume chake. Katika ofisi zetu mwenye cheo anatazamiwa kujua. Meneja wa miaka hamsini hawezi kumwendea kijana aliyemaliza chuo mwaka jana akamwambia, mwanangu, hesabu hizi zimenishinda. Anaweza, lakini itamgharimu, na kesho jikoni kwenye chai itasimuliwa. Kijana naye, akimwendea meneja mara tatu kwa juma, ataambiwa kwamba alipataje shahada. Mwanamke aliye peke yake katika karakana ya wanaume anajua kwamba swali lake halitahesabiwa kuwa swali la fundi fulani, litahesabiwa kuwa swali la wanawake wote. Kwa watu wote hao mashine ina fadhila moja ambayo hakuna binadamu anayeweza kuwapa: haikunji uso.

Hiyo, kwa imani yangu, ndiyo sababu kubwa inayowapeleka watu ghalani, kubwa kuliko urahisi na kuliko zawadi. Ndiyo sababu pia dodoso haziioni. Atakayejaza kwenye karatasi ya mtafiti, tena iliyoletwa na ofisi ya utumishi, kwamba mimi huiuliza kompyuta kwa sababu naona aibu kuwauliza wenzangu, bado hajazaliwa. Atajaza kwamba inaokoa muda.

Kama nina haki katika hilo, basi tazama mashirika yanavyofanya. Mifumo ya leo huandika kila kitu: nani aliingia, saa ngapi, alitafuta neno gani, alifungua kurasa ngapi. Wakubwa hufurahia takwimu hizo, na wengine huzitumia kumpima mfanyakazi, wakidhani wanamhimiza ajifunze. Hawajui kwamba wamemweka mpelelezi dirishani kwa mzee wa masjala. Siku wafanyakazi watakapong'amua kwamba utafutaji wao unasomwa na mtu, ile fadhila ya pekee ya mashine imekwisha. Afadhali basi kumuuliza jirani, ambaye angalau anaweza kuombwa asiseme.

Na sasa, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, imeingia akili mnemba inayojibu kwa sentensi kamili, kwa adabu, usiku na mchana. Mashirika yanazipeleka humo hazina zao zote, mfanyakazi auliza, mashine imsomee kwa niaba yake na kumpa muhtasari. Siwalaumu wanaoikimbilia, nimeshasema kwa nini watu huipenda mashine isiyokunja uso, na hii haikunji kabisa. Lakini tazama kinachopotea katika kupika huko. Vidokezo vya mafundi ishirini, mmoja bingwa na mwingine mbabaishaji, kimoja cha mwaka huu na kingine cha miaka tisa iliyopita, vyote vinatiwa sufuria moja vinatoka uji mmoja, laini, wenye sauti ya mtu anayejua. Jina la fundi wa Montreal halimo. Mifumo mingine hutaja kwa herufi ndogo chini ilikotoa maneno yake, na hiyo ni hatua njema. Ni wangapi wanaoshuka hadi huko chini wakati mteja amesimama?

Wakati huo huo wafanyakazi wetu wamekwisha kujijengea ghala lao bila kumuuliza mkurugenzi. Liko kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la mafundi au la wauguzi, ambalo aghalabu wakubwa hawamo. Saa nne usiku fundi wa zamu anapiga picha ya pampu inayovuja, anaituma, anaandika: jamani wakubwa zangu, hii kitu imenishinda. Neno “wakubwa zangu” limewekwa hapo kwa hesabu, limeinamisha shingo kabla hajapigwa. Dakika chache wanajibu watatu. Wa kwanza anatania. Wa pili anasema kaza nati. Wa tatu, ambaye kila mtu kundini anajua kuwa aliwahi kuifungua pampu ya aina hiyo kwa mikono yake, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na nyuma ya sauti yake anasikika mtoto akilia. Fundi anafuata maneno ya huyo wa tatu, pampu inanyamaza.

Asubuhi zinamiminika salamu, picha za maua, matangazo ya mchango wa arusi na matokeo ya mpira. Ule ujumbe wa dakika mbili unazama chini. Wiki mbili baadaye fundi mwingine, wa zamu nyingine, anatuma picha ya pampu inayovuja.